Kuupata mgahawa wa Kiitaliano wa kweli Masaki: mwongozo kwa mtu wa Tanga

Sisi watu wa Tanga Dar es Salaam tunakwenda kwa shughuli: harusi, hospitali, mzigo wa Kariakoo, usaili wa kazi. Tunapanda basi Kange, tunashuka stendi ya Magufuli pale Mbezi, tunalala kwa ndugu na kula kwa ndugu. Ila hutokea siku mtoto wa dada, ambaye sasa ana kazi na kamshahara kake, akasema: "Mjomba, leo nakutoa. Unataka kula nini?" Na wewe miaka yote umekuwa ukiona pizza na tambi kwenye simu, unajibu bila kufikiri: cha Kiitaliano.

Mwongozo huu ni wa siku hiyo. Masaki, Oysterbay na Msasani hazikosi bendera za kijani, nyeupe na nyekundu milangoni, na bei za huko si za kubahatisha. Sahani moja ya tambi yaweza kumeza hela ambayo Ngamiani ingelisha nyumba nzima na mgeni juu. Ukishakubali kutoa pesa hiyo, angalau upate kile ulichokifuata. Sitataja mgahawa wowote kwa jina, kwa sababu migahawa ya mjini hubadilisha wapishi na wenye mali kila mara. Ninayemsifu leo, mwakani ataniaibisha. Nitakupa maswali ya kuuliza na vitu vya kuangalia.

Hatua ya kwanza: uliza ni Italia ya wapi

Hili ndilo kubwa, na ukilishika hili peke yake utakuwa umeokoa nusu ya pesa yako. Hakuna jiko la Kiitaliano la jumla. Italia imekuwa dola moja tangu mwaka 1861 tu. Kabla ya hapo Napoli ilikuwa na mfalme wake, Roma ilikuwa chini ya Papa, Venezia ilikuwa na mambo yake, na majiko hayo mpaka leo kila moja linaringa kivyake. Hata mkoani kwetu ndivyo tulivyo: mwandalie Msambaa wa Lushoto bada na samaki wa chukuchuku, umwambie ndicho chakula cha kwao, uone atakavyokutazama.

Ramani ya haraka ni hii. Napoli, kusini, ni pizza, nyanya na jibini laini ya mozzarella. Roma ni tambi zinazoitwa carbonara, amatriciana, gricia na cacio e pepe. Bologna na majirani zake ni tambi za mayai zinazosukumwa jikoni, lasagne, mchuzi wa nyama uliokaa motoni saa kadhaa, na jibini ngumu ya Parmigiano Reggiano. Milano ni wali, ile risotto ya zafarani, na siagi nyingi. Genova ni pesto, yaani rehani mbichi iliyopondwa na thomu, jibini, kokwa za msonobari na mafuta ya zeituni. Sicilia ni samaki, biringani, malimau, na kuskusi pia.

Mgahawa wa kweli huwa na kwao. Muulize mhudumu, kwa adabu tu: "Kaka, samahani, mwenye jiko hili katokea upande gani wa Italia?" Akikwambia Napoli, agiza pizza na uachane na risotto. Akikwambia Bologna, pizza yake inaweza kuwa nzuri, lakini ulichofuata pale ni tambi za mayai. Akikujibu, "Aa, sisi ni Kiitaliano tu, vyote vipo," hapo pana neno. Kaa, kunywa soda yako, lakini usitegemee makubwa.

Na usidanganyike ukadhani lazima mpishi awe Mzungu. Wengi wanaokanda na kuoka huko Masaki ni vijana wetu. Kijana wa Muheza aliyefundishwa vizuri na kusimamiwa vizuri atakupikia kuliko Mwitaliano aliyekwisha choka na biashara. Unachotaka kujua ni jiko limejifunza kwa nani, na kama huyo mtu bado anapita kuonja.

Hatua ya pili: pekua simu kabla ya kupanda bajaji

Tafuta menyu, na ukiipata isome kama mtu anayesoma mkataba. Zile nyota za kwenye ramani zinakueleza kama watu walifurahi, na watu hufurahia mambo mengi: upepo wa bahari, muziki, mhudumu mcheshi. Hazikuambii kitu kuhusu tambi.

Menyu yenye pizza, sushi, tikka, baga na mishkaki kwa pamoja ni ya hoteli ya kila mtu, iache. Menyu ya Kiitaliano kwa kawaida huenda kwa mpangilio wake: vitangulizi, kisha tambi au wali, kisha samaki au nyama, mboga zikiwa pembeni na bei yake, halafu vitamu. Na huwa fupi. Jiko lenye aina arobaini za tambi lina aina arobaini za mchuzi uliogandishwa.

Halafu kuna vyakula vinavyoitwa vya Kiitaliano ambavyo Italia hawavijui. Pizza ya nanasi, ile wanayoiita Hawaiian, ilibuniwa Kanada mwaka 1962 na Sam Panopoulos, mhamiaji kutoka Ugiriki. Tambi za Alfredo zenye kuku na krimu ni za Marekani; zile za Roma zilizoanzisha jina hilo zilikuwa na siagi na jibini tu. Tambi ndefu zilizobebeshwa mipira mikubwa ya nyama juu yake ni kazi ya wahamiaji wa Kiitaliano huko huko Marekani. Na carbonara yenye krimu ni njia ya mkato: ile yenyewe huwa laini kwa sababu ya mayai na jibini, na mpishi asiyejua kuyachanganya bila mayai kuganda ndiye hukimbilia krimu. Kitu kimoja kati ya hivi kwenye menyu si kosa, maana wateja wanaviomba na mwenye biashara ana kodi ya pango. Vikijaa ukurasa mzima, unakula Marekani.

Angalia pia picha zilizopigwa na wateja, zile za meza yenye makombo, kuliko za mwenye mgahawa. Tafuta maoni yaliyoandikwa kwa Kiitaliano, kisha uyatafsiri kwa simu. Waitaliano ni wagumu mno kwenye chakula chao na hulalamika hadharani. Wakisema tambi zimeiva sawasawa, wewe nenda. Na kama safari yako ni ya Novemba, pitia kurasa za ubalozi wa Italia, kwa sababu tangu 2016 serikali yao huadhimisha wiki ya mapishi ya Kiitaliano duniani mwezi huo, na balozi huandaa shughuli zake.

Hatua ya tatu: halali

Nimeliweka hapa, kabla hujaondoka nyumbani, kwa sababu ukilikumbuka ukiwa mezani na mwenyeji wako ameshaagiza, utaona haya kuuliza. Wengi wetu Tanga ni Waislamu, na jiko la Kiitaliano lina nguruwe na mvinyo mahali ambapo huwezi kuviona.

Nguruwe anayeonekana ni rahisi: prosciutto, salame, pancetta, mortadella, yote hayo ni yeye. Kazi ni yule aliyejificha. Carbonara, amatriciana na gricia za Roma hupikwa kwa guanciale, shavu la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, na mafuta yake ndiyo mchuzi wenyewe; kwa hiyo kumwambia mhudumu "nitolee vile vipande" hakukusaidii kitu. Mchuzi wa nyama wa Bologna, na lasagne inayotengenezwa kwa mchuzi huo, mara nyingi huchanganya ng'ombe na nguruwe. Kuna rojo jekundu la pilipili kutoka Calabria liitwalo 'nduja ambalo ukiliona unaweza kudhani ni pilipili tu. Ni nguruwe.

Mvinyo nao huingia kwenye risotto mwanzoni kabisa, wali unapokaangwa. Huingia kwenye tambi za chaza na za kamba, na kwenye nyama za kuchemka polepole. Kitamu chao cha tiramisu mara nyingi hutiwa pombe kidogo pamoja na kahawa. Panna cotta, kitamu cha krimu, hugandishwa kwa jelatini, na jelatini yaweza kuwa ya nguruwe. Jibini ya Parmigiano hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumboni mwa ndama. Wanazuoni wana kauli zao juu ya hilo, nawe fuata unayemfuata.

Swali la "hapa ni halali?" halifai. Mhudumu atasema ndiyo, kwa nia njema kabisa, akifikiria ng'ombe wa machinjio ya Dar. Uliza kipande kipande:

"Dada, mchuzi huu wa nyama una ng'ombe peke yake, au kimechanganywa kitu?"

"Hii risotto mnaitia mvinyo? Mnaweza kunipikia mwanzo mpaka mwisho bila mvinyo, kwa supu tu?"

"Kile kisu cha kukatia pizza, mnakata nacho na zile za nguruwe? Naomba yangu ikatwe kwa kingine."

Hili la mwisho watu wengi hawalikumbuki. Jiko zuri halikasiriki kwa maswali haya. Wao wenyewe wamezoea wageni wa kila namna. Na kama nyama imeagizwa kutoka nje, mwache huyo ng'ombe, agiza samaki.

Sasa, migahawa mingine hukupa carbonara ya nyama ya ng'ombe iliyokaushwa. Si haramu na yaweza kuwa tamu, lakini mimi sioni sababu ya kwenda mbali kote huko kula kitu kilichotolewa moyo. Vyakula ambavyo tangu asili havina nguruwe wala pombe vimejaa tele. Pizza marinara ni nyanya, thomu, oregano na mafuta ya zeituni, hata jibini haina. Pizza margherita ni nyanya, mozzarella na rehani. Cacio e pepe ni jibini ya kondoo na pilipili manga. Kuna pesto ya Genova. Kuna tambi za Norma kutoka Catania, zenye biringani za kukaanga, nyanya na jibini kavu ya ricotta.

Na kuna Sicilia yenyewe, ambayo kwangu mimi ndiyo Italia iliyo karibu nasi zaidi. Waislamu waliichukua Palermo mwaka 831 na kuishika mpaka Wanormani walipoiteka 1072, na jiko la kisiwa hicho halijasahau. Trapani wanapika kuskusi kwa mvuke na kuimwagia supu ya samaki. Mwaka 1154 mwanajiografia al-Idrisi, akiwa katika baraza la Roger II, mfalme wa Sicilia, aliandika kuhusu Trabia, karibu na Palermo, kwamba walitengeneza tambi nyingi kiasi cha kupakiwa merikebuni kwenda nchi za Waislamu na za Wakristo. Basi ukiona menyu ina kuskusi ya samaki, au sardini na zabibu kavu ndani ya tambi, usipite. Mpishi huyo anatoka mahali anapopajua.

Hatua ya nne: piga simu saa tisa alasiri

Saa tisa, kwa sababu wa mchana wameondoka na wa usiku hawajaja. Ukipiga saa mbili usiku utajibiwa na mtu aliyebeba sahani tatu.

"Habari za kazi, kaka. Naulizia pizza zenu, mnaoka kwenye tanuri la kuni?"

"La kuni, mzee. Karibu."

"Ahsante. Na unga wa leo mmeukanda saa ngapi?"

"Wa leo tuliukanda jana jioni, mzee. Asubuhi tumekata tu madonge."

Jibu hilo ni zuri sana. Unga wa pizza ya Napoli ni ngano, maji, chumvi na hamira basi, na unahitaji saa nyingi za kuumuka. Unga wa saa moja utakujaza tumbo na kiu usiku kucha. Kuni peke yake si hoja kubwa, maana tanuri la gesi lenye moto wa kutosha hufanya kazi hiyo hiyo. Hoja ni joto: nyuzi zaidi ya 400, pizza iingie na kutoka ndani ya dakika moja hadi moja na nusu. Ukiambiwa pizza moja inakaa tanurini dakika ishirini, hilo ni tanuri la keki.

Uliza na risotto inachukua muda gani. Wale wakweli watakuambia dakika kama ishirini, uvumilie. Ikija mezani baada ya dakika tano, ilipikwa mchana ikawa inasubiri mtu kama wewe.

Hatua ya tano: mezani, anza na kile kisicho na pa kujificha

Siku ya kwanza usiagize sahani yenye mambo kumi. Agiza margherita, au tambi za nyanya, au za thomu na mafuta ya zeituni. Mpishi asiyeweza nyanya na rehani hataweza kamba kochi, na kamba kochi ni ghali.

Pizza ikifika, usiikate bado. Ya Napoli ukingo wake umevimba, kama sentimita moja au mbili, na una madoa meusi madogo madogo yaliyotawanyika. Katikati ni nyembamba na laini. Jibini iko kwa viraka, nyanya inaonekana wazi katikati yake. Ikiwa jibini imefunika kila mahali mpaka ukingoni, kuna kitu hawakutaka ukione, mara nyingi ni nyanya ya kopo iliyotiwa sukari. Sasa inua ukingo kwa uma uchungulie chini: utaona madoa ya kahawia na sehemu zilizobaki nyeupe kidogo, unga haunati wala haunuki kuungua. Kata kipande ukishike kwa mkono. Ncha itainama, na maji ya nyanya yatataka kukimbia. Watu wetu wengi hapo husema haijaiva. Imeiva, ndivyo ilivyo. Kuna chama cha Napoli kilichoanzishwa 1984 kwa ajili ya kulinda utengenezaji huo tu, na 2017 UNESCO iliingiza ufundi wa waoka pizza wa Napoli katika orodha yake ya urithi. Kama pizza ni nyembamba, kavu na inavunjika kwa mlio, muulize mhudumu. Huenda ni ya Kiroma, na ya Kiroma ndivyo inavyotakiwa.

Tambi zinahitaji subira zaidi, kwa sababu sisi tumelelewa na tambi nyingine. Zetu za futari hukaangwa, zikatiwa sukari, tui na iliki, zikaachwa motoni mpaka zilegee. Za Kiitaliano huchemshwa kwa maji mengi ya chumvi na kuepuliwa zikiwa bado zinakataa kidogo kwenye jino. Chukua uzi mmoja, ung'ate katikati, utazame ulipokatika: katikati kabisa utaona kijidoa cheupe, chembamba kuliko sindano. Hicho ndicho unachokilipia. Usirudishe jikoni ukasema mbichi. Wakikuletea tambi zilizolegea kama za kwetu, bila hata sukari ya kuzisaidia, hapo ndipo unaporudisha.

Halafu tazama sahani yenyewe. Tambi na mchuzi humaliziwa pamoja kwenye kikaango, pamoja na upawa wa yale maji zilizochemkia, ambayo yana wanga wa kuushika mchuzi. Kwa hiyo kila uzi umepakwa, na chini ya sahani hakuna kidimbwi. Ukiletewa tambi nyeupe, uchi, na mchuzi umewekwa juu kama kofia, jikoni hawakufanya hatua hiyo. Ukikuta mchuzi wa nyama wa Bologna juu ya tambi ndefu nyembamba, hiyo pia ni dalili: kwao huo huliwa na tagliatelle, tambi pana za mayai. Wana ukali nazo. Mwaka 1972 waliandikisha upana wake kwenye chemba ya biashara ya mji, milimita 8 zikishapikwa.

Usimdharau anayepika tambi kavu za pakiti. Tambi mbichi za mayai ni za Bologna na kaskazini. Kusini hula kavu za ngano ngumu, na tambi za chaza kwa mfano hupikwa kwa hizo. Mhudumu anayejisifu kwamba "zote tunatengeneza wenyewe" hajasema kitu mpaka uone zinaendana na mchuzi.

Jibini yaje imekwanguliwa muda huo, si unga mweupe wa kwenye kopo. Parmigiano Reggiano ya kweli hukaa ghalani si chini ya miezi 12 kabla ya kuuzwa, na ina chembechembe zinazokwaruza ulimi. Kwenye tambi za samaki, Mwitaliano haiweki kabisa. Ukiiomba, mhudumu aliyefundishwa atasita kidogo kabla ya kukuletea, na kusita huko ni ishara nzuri.

Kuhusu samaki, wewe ndiye mwalimu

Hapa mtu wa Tanga hana haja ya kuogopa menyu. Umekua ukinunua samaki Deep Sea asubuhi, unajua jicho lililozama na shavu lililopauka. Jiko la pwani ya Italia linafanana na letu katika jambo hili: samaki akiwa mzuri hawamfanyi mengi. Chumvi, mafuta ya zeituni, limau, thomu kidogo, majani. Ukiona nguru amezamishwa kwenye krimu na jibini, muulize mhudumu samaki huyo alifika lini.

Swali langu ni hili: "Leo mna samaki gani?" Bahari ya Dar na ya Tanga ni moja, na kusi ikivuma kwa nguvu katikati ya mwaka vyombo vingi havitoki. Mgahawa mkweli utakuambia leo hakuna kolekole, kuna ngisi na changu tu. Mgahawa wenye kila samaki kila siku ya mwaka una friza kubwa. Friza si dhambi, ila iuzwe kwa bei ya friza.

Agiza pweza. Wao humchemsha taratibu mpaka alainike, wakamchanganya na viazi, limau na mafuta ya zeituni, akaliwa wa vuguvugu au baridi. Ukishazoea yule wa jioni wa kuchovya kwenye pilipili ya ukwaju, utashangaa jinsi wanavyompunguzia vikolombwezo, lakini akiwa mgumu au akinata kama mpira, hukumu yako ni sahihi na huna haja ya kuwa Mwitaliano kuitoa. Ukiletewa tambi nyeusi tii, usishtuke. Ni wino wa ngisi, chakula cha Venezia na cha Sicilia. Usivae kanzu nyeupe siku hiyo.

Kitamu, kahawa na bili

Aiskrimu ya pistachio ya kweli imefifia, inakaribia rangi ya majani makavu; ikiwa kijani inayong'aa ni rangi tu. Kahawa baada ya chakula kwao ni espresso, kikombe kidogo. Cappuccino wanainywa asubuhi, ila wewe agiza utakacho, hakuna atakayekukamata.

Kabla ya kuagiza, si baada, uliza kama bei za menyu zimeshajumlisha VAT na kama kuna malipo ya huduma. Mboga za pembeni huhesabiwa peke yake, na maji ya chupa kubwa wanayoyafungua bila kuuliza yatakuwa kwenye bili. Dai risiti ya EFD. Ikiwa mwenyeji ndiye analipa, muulize hayo yeye kabla hamjaingia, mkiwa bado kwenye gari, asije akaaibika mbele ya watu.

Kama Dar imekushinda, geuka kaskazini

Watu wa Tanga husahau kwamba Malindi haiko mbali kutuzidi Dar. Unatoka Tanga hadi Horohoro, unavuka Lunga Lunga, kivuko cha Likoni, Mombasa, halafu kama kilomita 120 za barabara ya pwani. Waitaliano wako huko tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo chao cha kurushia satelaiti Ngomeni, kaskazini ya mji. Mwaka 1967 walirusha satelaiti ya San Marco 2 kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini. Waliokuja kwa kazi na utalii wakabaki, na leo utamkuta kijana wa Kigiriama akibishana bei kwa Kiitaliano fasaha. Waitaliano wenyewe ndio wateja wa kila siku Malindi na Watamu, na mteja wa namna hiyo hakubali tambi zilizolegea.

Maswali ya halali ni yale yale. Chukua hati ya kusafiria, anza safari alfajiri, na badilisha shilingi mpakani kiasi cha nauli tu, nyingine ubadilishe Mombasa mjini. Uliza mapema kama jiko limefunguliwa: msimu wa mvua za masika wageni hupungua, na migahawa mingi ya huko hufunga mpaka wageni warudi.